Mtoto akimlilia klauni usimcheke, na usimsukume mbele

Mwaka jana mwezi wa nane jirani yetu alimfanyia mwanae bethidei akatualika, na mi nikaenda na binti yangu ambaye ndo kwanza alikuwa katimiza miaka minne. Gauni jipya la njano, tangu asubuhi anaulizia keki tu. Tumefika mambo mazuri kabisa, watoto wanaruka kwenye lile jumba la upepo, mziki upo, pilau linanukia mpaka barabarani, afu emsii akashika maiki akasema kuna mgeni maalumu, na kwenye kona ya nyumba akatokea klauni. Uso mweupe pee, mdomo mwekundu umechorwa mpaka karibu na masikio, pua ya duara, wigi la rangi tatu, viatu virefu vinapiga pa pa pa kwenye sakafu. Watoto wengi walishangilia wakamkimbilia. Wa kwangu alisimama kama sekunde tatu hivi haongei, afu akatoa ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, hata siku za chanjo hajawahi kulia vile.

Kilichoniuma ni kilichofuata. Dada mmoja, na najua alikuwa na nia njema, alimbeba juu juu akawa anampeleka kulekule mbele, "usiogope mama, rafiki yako huyu, mpe mkono", na klauni naye kwa kuwa kaitwa achangamshe watu akazidi kumsogelea huku anapuliza filimbi, watu wazima wametoa simu wanarekodi wanacheka. Mtoto kajikojolea kwenye gauni lake la njano mbele za watu. Na mimi mama yake nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka pale na miguu imegoma. Maana hata mimi klauni namuogopa, na nina miaka 36.

Nimekaa na hili jambo muda mrefu ndo nimepata nguvu ya kuliandika. Naliandika kwa ajili ya mzazi ambaye yamemkuta, na kwa mtu mzima ambaye ana hii hofu na kila akisema anaambiwa acha utoto.

Yangu mimi ilikuwa hivi. Nina miaka sita, Idd pili, mjomba katuchukua mimi na binamu zangu katupeleka kwenye viwanja vya sikukuu, kuna pembea, ubuyu, barafu za rangi, kila kitu. Kulikuwa na kijana kavaa kiklauni anauza maputo, na mi nilipomuona tu nikajificha nyuma ya kanzu ya mjomba. Mjomba akaona ni jambo la kucheka, akanishika makwapani akaninyanyua akaniweka uso kwa uso na yule mtu, karibu kabisa, kiasi kwamba naona ile rangi nyeupe ilivyopasukapasuka kwa jasho na ndani yake macho mekundu ya mtu aliyechoshwa na jua. Mdomo wa rangi unacheka, mdomo wake mwenyewe haucheki. Hicho ndo kitu kimenikaa kichwani miaka thelathini, midomo miwili kwenye uso mmoja. Mjomba, Mungu amrehemu, alinipenda sana na wala simlaumu, nasimulia tu ilivyokuwa.

Tangu hapo nimeishi nakwepakwepa. Duka likifunguliwa na kuna mtu wa promosheni kavaa vile mlangoni, mi napita upande wa pili wa barabara. Kuna siku nilishuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kwangu kwa sababu alipanda mmoja anaenda kwenye kazi yake, kashafika na rangi usoni, kakaa siti ya mbele ametulia anachezea simu, hana habari na mtu. Nikatembea kwa miguu kwenye jua na nyumbani sikusema.

Baada ya ile bethidei ndo nikaanza kusoma, maana nilitaka nijue kama nimemrithisha mwanangu huu ugonjwa au vipi. Na kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni utafiti wa Chuo Kikuu cha South Wales, Uingereza, ulitoka 2023, waliwauliza watu 987 wenye umri wa miaka 18 mpaka 77 kutoka nchi 64. Asilimia 53.5 walisema wanawaogopa maklauni kwa kiasi fulani, na asilimia 5 wakasema wanawaogopa kupita kiasi. Watu wazima hao. Nilisoma ile namba nikaweka simu chini nikalia kidogo, kwa sababu miaka yote nilidhani niko peke yangu.

Halafu wale watafiti wakaenda mbele wakauliza ni kwa nini. Wakawapa watu sababu kadhaa wapime ipi inawahusu. Iliyoshika nafasi ya juu ni kwamba ile rangi ya usoni inamficha mtu, huwezi kujua anahisi nini. Zikafuata zingine, kwamba sura yake si ya kibinadamu kamili, kwamba hujui atafanya nini dakika ijayo, sinema pia. Na iliyopata alama ndogo kuliko zote ndo ile niliyokuwa naiamini mimi, kwamba unaogopa kwa sababu klauni aliwahi kukutisha. Nilibisha sana moyoni, nikasema hawa hawakumjua mjomba wangu. Afu usiku nikiwa nimelala nikajiuliza, mbona nilijificha nyuma ya kanzu kabla mjomba hajaninyanyua? Hofu ilikuwepo tayari. Mjomba aliikomaza tu.

Na binti yangu naye hakuna klauni aliyewahi kumfanya lolote kabla ya siku ile. Aliona uso, basi.

Sasa fikiria mtoto anauishije ulimwengu. Kabla hajajua neno hata moja anakusoma usoni, mama kanuna, mama kacheka, mgeni huyu mama anamuangaliaje. Miaka ya 1970 kule Marekani mwanasaikolojia mmoja anaitwa Edward Tronick alifanya jaribio, mama anacheza na kichanga chake vizuri, afu anaambiwa aukaushe uso kwa dakika chache, asicheke asinune asijibu. Mtoto anaanza kumtafuta mama yake, anatabasamu, ananyoosha mikono, anapiga kelele, akiona hapati kitu anageuza kichwa pembeni na wengine wanalia kabisa. Mama hajampiga wala hajamfokea, uso tu umeacha kujibu. Sasa klauni uso wake haujibu saa zote. Mtoto akicheka yeye anacheka, mtoto akilia yeye bado anacheka, mtoto kajikojolea na ile rangi inaendelea kucheka palepale. Kwa mtoto hicho si kicheko, ni ukuta.

Kuna msomi mwingine, Frank McAndrew wa Knox College huko Illinois, yeye na mwenzake 2016 walitoa utafiti wa watu 1,341 kuhusu vitu vinavyomfanya mtu asisimke mwili, zile nywele kusimama bila kujua kwa nini. Kwenye kazi zote walizowapa watu, klauni ndo alishika namba moja. Na maelezo yake nimeyapenda kwa sababu ndo vile mi najisikia: anasema mwili unasisimka pale unaposhindwa kuamua kama kuna hatari au hakuna. Simba ukimuona unajua ni simba, unakimbia. Huyu unaambiwa ni rafiki, watu wanapiga makofi, lakini mwili wako haujapata ushahidi, basi unabaki umekwama katikati. Na kukwama ndo kunakochosha kuliko hata kukimbia. Mjapani Masahiro Mori naye mwaka 1970 aliandika kuhusu maroboti, kwamba kitu kikizidi kufanana na binadamu tunazidi kukipenda, ila kikifika karibu sana na bado kuna kitu hakijakaa sawa, kule kupenda kunaporomoka ghafla, akapaita pale bonde. Wanaoogopa zile sanamu za kuvalishia nguo madukani watanielewa haraka sana.

Lakini kilichonifungua macho zaidi si hivyo vyote, ni historia ya ule uso wenyewe. Klauni wa uso mzima mweupe na mashavu yaliyochorwa rangi nyekundu anahesabiwa kuanzia kwa Joseph Grimaldi wa London, alizaliwa 1778 akafariki 1837. Alikuwa nyota mkubwa, anacheza kwenye majumba ya maonyesho kama Sadler's Wells, Drury Lane na Covent Garden, na ukumbuke enzi zile umeme hakuna, ukumbi mkubwa, na aliyekaa juu kabisa kule nyuma naye katoa hela yake anataka aone kama huyu mtu anacheka au analia. Lazima uso ukolezwe. Sarakasi nazo zilipokuja na mahema yao na watu wamejaa kuzunguka uwanja, ikawa vilevile, rangi kali, nyusi juu, mdomo mkubwa. Ule uso ni wa kutazamwa kwa mbali! Sisi tunauchukua uso wa mtu wa jukwaani tunauleta sebuleni, tunauweka kiganja kimoja kutoka kwenye pua ya mtoto wa miaka minne, afu tunashangaa analia. Ni kama ile spika ya harusini uiweke kwenye sikio la kichanga useme mbona hachezi.

Na kuna upande mwingine, watu kujiuliza nyuma ya rangi kuna nini ni jambo la zamani sana. Grimaldi mwenyewe alichekesha nchi nzima lakini maisha yake yalikuwa magumu, mwili uliharibika kwa zile sarakasi za jukwaani mpaka kutembea shida, mwanae aliyefuata kazi yake pombe ikammaliza 1832. Paris kulikuwa na Jean-Gaspard Deburau, maarufu kwa kuigiza jukwaani mhusika mwenye uso mweupe anayeitwa Pierrot, mwaka 1836 alimpiga fimbo kijana aliyekuwa anamtukana barabarani na yule kijana akafa, ingawa mahakama ilimwachia. Halafu ndo lile la Marekani, John Wayne Gacy, alikamatwa Desemba 1978 na 1980 akahukumiwa kwa kuua watu 33, vijana na wavulana, na ilijulikana kwamba alikuwa anavaa kiklauni kwenye sherehe za watoto. Baada ya hapo sinema za kutisha zikamchukua klauni moja kwa moja, na 2016 kuanzia Agosti huko South Carolina zikaanza habari za watu waliovaa kiklauni wanaonekana porini na barabarani usiku, zikaenea mpaka Uingereza na Australia. Sitaki kukaa sana hapa. Ninachotaka mzazi ajue ni kwamba dunia ya sasa inamtengeneza klauni wa aina mbili, wa keki na wa kuua, na mtoto mwenye simu ya dada yake mkononi anakutana na huyo wa pili kwanza. Kagueni zile klipu fupifupi. Sisemi hivi kwa kukisia, binti yangu baada ya ile bethidei alionyeshwa moja na mtoto mkubwa "ili azoee", na tulilala naye kitanda kimoja wiki mbili.

Aliyenipa njia ni bibi yake mume wangu. Mzee wa Newala, Mmakonde, kaja Dar kutibiwa macho akakaa kwetu miezi mitatu. Nilimsimulia yote mpaka la daladala ambalo hata mume wangu halijui, akanisikiliza afu akasema, "Mjukuu wangu, nyie mnamuonyesha mtoto kinyago kabla hajamjua mtu." Akaanza kunisimulia mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde, ilivyokuwa utotoni kwake, yule mchezaji anavyotokea amefunikwa mwili mzima kwa nguo hata ngozi haionekani, kichwani kavaa kinyago cha mti, na wao watoto wanakimbia mpaka kwenye mihogo huko. Nikamuuliza, bibi hamkuambiwa msiogope? Akacheka sana. Akasema ilikuwa waogope, ndo maana yake, na watu wazima walijua wanaogopa na wakaachwa waogope kwa nafasi yao. Wavulana wakienda jando ndo wanakuja kuonyeshwa kwamba ndani ya kile kinyago kuna mtu, tena mtu wanayemjua, na wakishajua wamevuka, si watoto tena.

Sikulala siku ile. Kwa sababu tofauti niliiona wazi: kule hofu ina heshima yake na ina mlango wa kutokea, huku kwetu kwenye bethidei tunamwambia mtoto hofu yako haipo, tunaicheka, tunairekodi, na mlango hatumuonyeshi.

Basi nikamuomba mama mwenye bethidei namba ya yule kijana klauni. Nilipiga simu mikono inatoka jasho. Alipokea, "Halo, shikamoo mama," sauti ya kawaida kabisa, ya kijana yeyote wa hapa mtaani, na hiyo peke yake ilinishtua. Nikamueleza. Akanyamaza kidogo akasema, "Dada samahani sana kwa ile siku. Mi nikiwaona wanalia huwa nataka niondoke, ila aliyenilipa ananiangalia, nikiondoka naonekana sijafanya kazi." Hilo sikuwahi kulifikiria. Nikamuomba aje nyumbani, nitamlipa muda wake, ila aje bila rangi.

Akaja Jumamosi kavaa jinsi na jezi ya mpira. Akanywa chai na maandazi, akaongea na bibi, binti yangu akamletea madaftari yake ya kuchora. Siku ile hatukutaja klauni kabisa. Jumamosi iliyofuata akaja na kibegi chake, akamwambia mtoto nataka nikuonyeshe vitu vya kazini kwangu, akavipanga kwenye mkeka, pua, brashi, kopo la rangi nyeupe, nyekundu, wigi, viatu. Mtoto akavishika vyote isipokuwa wigi. Akavaa viatu vile akatembea navyo koridoni. Kijana akaanza kujipaka taratibu huku anaongea nae, nusu ya uso tu, afu anageuka upande mweupe, anageuka upande wake, "Mimi nani?" na binti yangu anasema "anko". Upande mweupe tena, "na huyu?" Akasita. Akasema "anko kajipaka". Mi nilikuwa nimekaa kwenye stuli mlangoni nimeshika kikombe kimeshapoa muda mrefu, na nakwambia ukweli, mara ya kwanza maishani niliuona ule uso unazaliwa badala ya kunitokea.

Haikuwa rahisi yote. Alipovaa wigi mtoto alianza kulia, kijana akalivua hapohapo bila kusema chochote, akalisukuma chini ya meza. Tukaishia hapo. Akajifuta kwa pamba na mafuta ya nazi, akampa na binti yangu pamba yake amsaidie, na lile tendo la kumfuta nadhani lilifanya kazi kuliko maneno yote. Mara ya tatu alilivaa kwa dakika moja, mtoto akiwa kwenye mapaja ya bibi. Ndo ilitosha.

Kwa hiyo nikiulizwa na mzazi, nasema hivi. Siku ikitokea, usitafute klauni wala usiangalie watu, chuchumaa uwe kimo cha mtoto, mgeuze akutazame wewe, maana uso pekee anaouhitaji dakika ile ni wako. Mwambie umeona kaogopa na ule uso kweli ni wa ajabu, usimwambie "hakuna kitu", kitu anakiona. Sogeeni mbali mpaka pale ambapo anaweza kupumua vizuri, hata iwe getini, lakini kama inawezekana msikimbilie nyumbani moja kwa moja, kaeni pale mbali mle keki yenu, atazame akitaka asitazame akitaka, kwa sababu akiondoka na kilio ndo kumbukumbu pekee anayobaki nayo. Na wewe jiangalie, mi nilikuwa nimesimama nimekauka kama mti na mwanangu alinitafuta kwa macho akaniona nimekauka, hakuna alichohitaji zaidi kuamini kwamba kweli tuko hatarini. Kumbeba mtoto kumpeleka mbele kwa nguvu, hata iwe kwa upendo, mi nakukataa kabisa na nitakuwa mkali kwa yeyote atakayemfanyia mtoto wangu tena, awe shangazi awe nani.

Kitu kingine, naomba sana, tuache kutumia hofu kama fimbo. "Ukiacha chakula namwita klauni." Tumelelewa hivyo wengi, zimwi litakuja, daktari atakuchoma sindano, askari atakuchukua, na tunaona kawaida. Mtoto anatunza hesabu. Siku unataka amwamini daktari utakuta ulishamharibia mwenyewe.

Wenye sherehe, mwambieni klauni mapema kabisa kwamba mtoto akilia ana ruhusa ya kumwacha na hela yake ipo palepale. Tena mwalikeni ajipake rangi pale watoto wanapomuona, ifanywe sehemu ya mchezo. Na vijana wa kazi hii, nawaheshimu sana ni kazi ngumu, viatu vile na lile joto, lakini msubirini mtoto aje mwenyewe. Klauni wa hospitalini wanafanya hivyo. Ule utaratibu wa kuwapeleka maklauni waliofunzwa kwa watoto wagonjwa ulianza New York 1986 na sarakasi ya Big Apple Circus, na wanachofanya ni kitu tunachokijua sisi vizuri tu, wanabisha hodi. Wanasimama mlangoni wanamuomba mtoto ruhusa, akikataa wanaondoka. Rangi usoni kidogo sana, mara nyingi pua tu. Florence, Italia, utafiti uliotoka 2005 ulichukua watoto 40 wa miaka 5 mpaka 12 wanaokwenda kufanyiwa upasuaji, nusu yao wakasindikizwa na maklauni pamoja na mzazi, na hao wakawa na wasiwasi mdogo kuliko wenzao. Na Israeli waliwafuatilia watoto 1,160 waliokutana na maklauni wa hospitali, walioogopa kwa kiwango cha kuitwa hofu ya klauni walikuwa 14 tu. Lakini kinyume chake, Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 2008 waliwauliza watoto zaidi ya 250 kuhusu kupamba wodi kwa picha za maklauni, wakubwa kwa wadogo, hawakuzitaka. Picha haibishi hodi, inakutazama ukutani usiku kucha.

Mtu mzima mwenzangu, wewe ambaye unasoma hapa na mapigo ya moyo yameanza, njia ni ileile ila polepole zaidi. Mi nilianza na picha za vifaa tu, viatu, pua. Afu picha ya klauni ikiwa ndogo kwenye simu, afu video bila sauti ya mtu anajipaka rangi toka mwanzo, na nikawa naangalia macho yake tu. Nikishindwa naacha, kesho narudi palepale nilipoishia. Wataalamu wa saikolojia wanatumia njia hii kwa hofu nyingi, mtu anakisogelea anachokiogopa hatua kwa hatua mpaka mwili unazoea, na kama yako imefika mahali unakosa kazi, unakosa safari, unakosa sherehe za watoto wako, nenda kamuone mtaalamu, hospitali kubwa wapo, usijitibu peke yako kwa kujikaza. Kujikaza nimekufanya miaka thelathini.

Mimi bado mwili unanisisimka. Ila sishuki tena kwenye daladala.

Wiki ijayo tumealikwa bethidei nyingine, mtoto wa darasani kwao, na nimempigia mama yake nikamuuliza wazi kama kutakuwa na klauni, akasema ndio, tena ni yuleyule kijana. Nikampigia na yeye. Tumekubaliana mimi na binti yangu tufike saa nane na nusu, yeye ataanza kujipaka saa tisa kasoro, na ameniambia wigi atalivaa mwisho kabisa.